Vigelegele Vingoje Kwanza

Mzee Bartolomeo alipokuwa na nguvu zake, akichoshwa na maneno ya mtu alibeba jembe akaenda zake bondeni kwenye mpunga. Tangu miguu ilipovimba na moyo kuanza kumsumbua, bonde likawa mbali, kwa hiyo aligeukia ukutani. Aliyemfanya augeukie ukuta ule mara nyingi kuliko watu wote alikuwa Romana, binti yake mkubwa, ambaye ndiye huyo huyo aliyempikia uji, akamkanda miguu na kumtoa barazani asubuhi apate jua.

Si kwamba walikuwa hawasemezani. "Baba, maji yana moto?" "Yanafaa." "Nikuongeze chumvi?" "Weka." Hayo yalipita bila shida. Lakini Romana akianza tu kusema, "Baba, ile siku ya harusi yangu," kitanda kililia na mgongo wa mzee ukawa mbele yake. Jibu lilitokea mgongoni, na lilikuwa lile lile siku zote: "Ulikubali mbele ya Mungu. Watu wote walisikia."

Nyumba yao ilikuwa juu ya mteremko, katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya Kakese, mahali ambapo mtu wa Mpanda mjini anafika kwa baiskeli akiwa ametoka jasho la kutosha. Chini palikuwa na bonde la mpunga, na upande wa pili wa bonde kulikuwa na kigango, jengo la tofali za kuchoma lenye paa la bati. Ukisimama uani kwa mzee uliuona mlango wa kanisa vizuri kabisa. Kusikia ndiko kulikokuwa kazi.

Na hadithi yote hii ni ya kusikia, kwa hiyo turudi kidogo nyuma, kwenye harusi ya Romana mwenyewe.

Mume alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Kasekese, mtu wa baiskeli mbili na maneno matamu kwa wazee. Baba alimpenda mkwe yule siku ya kwanza tu. Romana alisema hamtaki. Alisema jikoni, alimwambia shangazi yake Emerensiana, akajibiwa kwamba wasichana wote husema hivyo. Akabaki na tegemeo moja. Alijua kanisani padri lazima aulize kama bibi harusi amekuja kwa hiari yake, na alijua pasipo jibu hakuna ndoa. Kumkatalia baba yake mbele ya watu hakuweza, mdomo usingefunguka. Kunyamaza aliweza. Basi akapanga kunyamaza.

Lakini kwao bibi harusi hapazi sauti. Anainamisha kichwa, anajibu kwa sauti ya kusikika na shela lake mwenyewe, na akithubutu kuitikia kwa nguvu watu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka kwao. Ili kumsitiri, wanawake wa mstari wa mbele hupiga vigelegele pale pale padri anapomaliza kuuliza, kabla jibu halijatoka vizuri. Wanampa heshima. Juu ya heshima hiyo, siku ya Romana kigango kilikuwa kimeazima amplifaya na honi, ile spika ya bati yenye mdomo mpana, na wazee wa kanisa walikuwa na imani kubwa na volyumu. Kwao sauti ikiwa ndogo dawa yake ni kuongeza, na ikiwa kubwa dawa yake ni kuongeza kidogo tena.

Padri aliyefungisha ndoa ile alikuwa mgeni wa safari, mzee, masikio yamechoka. Akauliza. Romana akafunga mdomo. Mzee wa kanisa akaona hakuna sauti inayotoka, akazungusha volyumu hadi ilipogomea. Honi ikapiga mluzi mrefu wa kupasua kichwa, wanawake wakaona ndiyo saa yenyewe, wakapiga vigelegele juu ya mluzi, na padri akatabasamu akaendelea. Ilipofika zamu ya kiapo mluzi ulikuwa unakuja na kuondoka, na hakuna aliyemsikia Romana anasema nini wala aliyetaka kujua. Pete ikaingia kidoleni.

Aliishi na mtu yule mpaka alipoona akikaa zaidi atazikwa. Akarudi kwao na furushi la nguo na kovu juu ya jicho. Mzee Bartolomeo alimruhusu kulala ndani; hakumruhusu kueleza. Kwake yeye mwanamke aliyekubali mwenyewe mbele ya madhabahu hana cha kulalamika kwa mtu. Jambo hilo lilimuuma Romana kuliko kovu. Kila jioni alipokuwa akimkanda baba yake miguu, akiona vidole vyake vinazama kwenye uvimbe na kuacha mashimo, alijua siku zinakwisha, na kwamba mzee atakwenda kaburini akiamini uongo juu yake.

Sasa ikaja zamu ya mdogo wake, Jeniffer. Huyu alimpata Maiko, kijana wa Litapunga, mwenye shamba la mahindi na kicheko kisicho mbali, na wala hakuhitaji kusukumwa. Mzee aliridhika. Shida ikawa kufika kanisani. Jumapili moja walijaribu kumbeba kwenye kiti, vijana wanne, na kabla ya kufika katikati ya bonde macho yalimgeuka wakamrudisha mbio. Jioni ile aliita watu wa nyumbani.

"Mimi siendi," alisema. "Lakini nitamsikia Jeniffer akijibu kwa masikio yangu. Nisipomsikia, harusi isogezwe."

"Kaka, isogezwe mpaka lini?" akauliza Emerensiana, dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo katika mambo yote ya ndoa, misiba na ugomvi wa mipaka ya mashamba.

"Mpaka nisikie."

Ndipo wakamtafuta Gaspar, fundi redio wa sokoni Mpanda. Gaspar alikuja na amplifaya na honi mbili kwenye baiskeli, na betri ya gari imefungwa nyuma kwa mipira. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alizungumza na vyombo vyake kama mtu anayeswaga mbuzi. Alivuta waya kutoka kanisani, akaupitisha juu ya miti aliyoichomeka kandokando ya majaruba ya mpunga, akaupandisha mteremko hadi nyumbani kwa mzee. Honi moja aliipachika juu ya mlango wa kanisa kwa ajili ya watu wa nje. Ya pili aliifunga kwenye nondo za dirisha la chumba cha mzee. Dirisha lile lilikuwa kwenye ukuta ule ule ambao mzee alikuwa akiugeukia.

Asubuhi ya harusi Emerensiana alipanga kazi za kila mtu. Akamvuta Romana pembeni.

"Wewe mwanangu utapeleka chai kwa fundi, halafu utarudi ukae na baba yako. Kanisani usikae mbele. Si kwa ubaya, unanielewa? Mwanamke aliyerudi kwao hasimami karibu na bibi harusi. Atamwachia mkosi."

"Nimekuelewa, shangazi," alisema Romana. Alielewa kweli, na alilia njia nzima huku ameshika birika, mpaka alipofika kanisani akajifuta kwa pindo la kitenge.

Ndani hapakuwa na mtu isipokuwa Gaspar. Alikuwa amesimama mbele ya maiki, amepanua miguu.

"Moja! Mbili! Tatu! Kujaribu!" alinguruma, kisha akatoka mbio kutazama ng'ambo. Kule juu Emerensiana alikuwa amesimama uani, karibu na dirisha la mzee, ameshika kitenge cheupe. Walikuwa wamekubaliana kwamba mzee akisikia vizuri, atakipandisha. Kitenge kilipanda mara moja. "Unaona, dada? Kazi imekwisha. Hiyo chai ina sukari?"

Romana alimimina chai. "Kaka Gaspar, bibi harusi hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

Romana akasogea kwenye maiki, akainamisha kichwa, akasema moja, mbili, tatu.

Gaspar akangoja, kikombe kiko mkononi. "Haya, sema."

"Nimeshasema."

Fundi akaweka kikombe chini. Akatazama maiki, akamtazama Romana. Akamwomba arudie, na safari hii alitoka nje kuangalia, na kitenge hakikupanda. Akarudi akafanya kile ambacho kila mtu wa kigango kile angefanya: akazungusha volyumu. Mluzi ukatoka juu ya mlango, ule ule, mrefu, na Romana akajikuta amechuchumaa sakafuni na mikono masikioni. Gaspar akazima haraka.

"Samahani, dada. Umeshtuka sana."

"Huo mluzi ndio ulioniozesha," alisema Romana akiwa bado sakafuni.

Gaspar hakuelewa, na alikuwa mstaarabu, hakuuliza. Alimpa mkono akamwinua. Kisha akakaa kwenye benchi akitafuna kucha na kuitazama ile maiki kwa hasira, kana kwamba imemtukana mama yake.

"Ngoja," alisema baadaye. "Hii honi ya mlangoni inaitazama maiki. Maiki inaisikia honi, inairudishia, honi inaipigia tena. Wanagombana hawa. Ukiongeza volyumu unawachochea tu." Akapanda kiti, akaigeuza honi ya mlangoni itazame barabarani, nyuma ya ukuta, na kwa kuwa alikuwa bado anajaribu akaichomoa waya kabisa. Ikabaki ya mzee peke yake. Kisha akaitazama stendi. Ilitengenezwa kwa urefu wa padri aliyesimama wima. Bibi harusi akiinama, mdomo wake unaielekea sakafu na maiki inabaki juu inasikiliza hewa. Akaitoa maiki kwenye stendi, akaifunga kitambaa chembamba cha leso, akamshikisha Romana.

"Kumbe si volyumu, ni mdomo. Ishike chini ya kidevu, karibu kabisa, pembeni kidogo pumzi isiipige. Mimi napunguza mashine, sio kuongeza. Wewe sema kwa sauti ile ile ya kwako. Mimi nakwenda kusimama kule bondeni nikione kitenge vizuri. Sema chochote, usiache kusema mpaka nirudi, nataka nione kama haikatiki."

Akatoka. Romana akabaki peke yake mbele ya madhabahu, mahali pale pale aliposimama siku ile, maiki iko chini ya kidevu, kichwa ameinamisha.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne."

Kupitia mlangoni alikiona kitenge kikipanda. Gaspar kule chini akapunga mikono kwa furaha, akiashiria aendelee.

Romana akaisogeza maiki karibu na mdomo. Anasikia, aliwaza. Mzee amelala pale, na hata akigeukia ukutani, honi iko ukutani. Hawezi kujibu, na mimi siwezi kuuona mgongo wake. Moyo ulimdunda hadi akaogopa maiki itaudaka.

"Baba," alisema kwa sauti ile ile ndogo. "Ni mimi Romana. Naomba unisikilize, nyumbani naogopa kukujibu. Siku ile sikukubali. Sikukataa pia, maana kukukatalia mbele ya watu sikuweza. Padri aliuliza kama nimekuja kwa hiari, mimi nikanyamaza. Nilinyamaza makusudi, baba. Nikajua utashangaa mwanao mbona hajibu, utakuja mbele uniulize nina nini. Ikalia honi. Wakapiga vigelegele. Wewe kila siku unasema watu wote walisikia. Walisikia honi, baba. Mimi hakuna mtu aliyenisikia."

Alitaka kuongeza kwamba hana kinyongo, lakini ingekuwa uongo, akaacha.

Kitenge kilikuwa kimeshuka. Emerensiana hakuwepo tena uani. Gaspar alipanda kutoka bondeni akipiga hatua kubwa. "Shangazi yako kaingia ndani ghafla. Waya umekatika nini?"

 Romana aliketi kwenye benchi la mbele. Moyo wa mzee ulikuwa mgonjwa, kila mtu alijua, na yeye amemmwagia maneno yale yote kwa mkupuo, asubuhi, kabla hata hajanywa uji. Kama nimemuua, aliwaza, nimemuua siku ya harusi ya Jeniffer. Alitamani kuinuka akimbie nyumbani, akaogopa atakachokikuta.

Baadaye kidogo Emerensiana akatokea mlangoni, anahema, pindo za nguo zimelowa maji ya majaruba. Alikuwa amemwacha mzee na jirani. Alimtuma Gaspar nje kwa kidole, bila neno, na Gaspar akaenda.

"Shangazi, baba..."

"Mzima." Emerensiana akaketi karibu naye.  "Nilikuwa dirishani, mwanangu. Nimesikia yote."  "Siku ile nilikaa hapa hapa, benchi hili. Kigelegele cha kwanza kilikuwa changu."

 Romana akamshika mkono, ule mkono mzito wa mama mkulima.

"Kaka kanituma neno moja," Emerensiana aliendelea. "Anasema leo wanawake wasipige vigelegele mpaka yeye asikie jibu. Anasema kanisa zima linyamaze, vigelegele vingoje."

"Na mimi? Amesema nini juu yangu?"

"Hajasema kitu. Amegeukia ukutani."

Romana akainamisha kichwa. Basi ndivyo ilivyo, aliwaza. Nimesema na imekuwa kama sikusema.

"Na hiyo maiki," alisema Emerensiana akiinuka, akijipangusa matope, "naona fundi ameitoa kwenye stendi, lazima mtu aishike kwa mkono. Utashika wewe."

"Na mkosi, shangazi?"

"Nyamaza. Wewe kushika maiki sio agizo la kaka, hilo nimesema mimi. Mwenye neno aje aniambie mimi."

Saa nne kanisa lilijaa hadi madirishani. Emerensiana alipita kwanza kwa wanawake wa mstari wa mbele akawapa agizo, na walilipokea kama watu wanaoambiwa wale wali bila mikono. Kisha akapanda tena mteremko na magoti yake mabovu, akachukua kitenge chake, akasimama dirishani kwa kaka yake. Padri kijana kutoka Mpanda aliambiwa habari ya mzee, akasema sawa, hata yeye angependa kusikia. Gaspar alirudisha waya wa honi ya mlangoni, ikiwa imegeukia barabarani, akakaa kando ya amplifaya. Romana aliposimama karibu na Jeniffer na ile maiki ya leso, minong'ono ilipita kutoka benchi hadi benchi. Aliisikia yote. Jeniffer alimtupia jicho kutoka chini ya shela, akasogea hatua nusu upande wake.

Maiko aliulizwa kwanza. "NDIYO!" alijibu kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, na Gaspar akarukia volyumu kuokoa honi zake. Watu walicheka, hata padri.

Kisha padri akamgeukia Jeniffer, akamuuliza kama amekuja hapa kwa hiari yake, pasipo kulazimishwa na mtu.

Wanawake wa mstari wa mbele walivuta pumzi. Mmoja alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kanisa likanyamaza, kimya ambacho kigango kile hakikuwahi kukijua kwenye harusi, hadi ikasikika bati likilia kwa jua na mtoto mmoja akinyonya. Jeniffer aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kujibu chini ya vigelegele, kama mama zake wote walivyojibu, na sasa vigelegele havikuwepo na watu wote walikuwa wanamsikiliza yeye. Midomo ilicheza. Hakuna kilichotoka.

Romana alikuwa ameshika maiki chini ya kidevu cha mdogo wake, na alikitambua kile kimya. Alikijua kuliko mtu yeyote ndani ya jengo lile. Je, hamtaki? Je, kuna kitu hakusema nyumbani? Kwa pembe ya jicho aliuona mkono wa Gaspar ukienda taratibu kwenye volyumu. Akamtazama fundi, akatikisa kichwa: usiguse. Mkono ukarudi. Hakumnong'oneza Jeniffer neno, wala hakumgusa kiwiko. Aliapa moyoni kwamba Jeniffer akinyamaza mpaka mwisho, yeye atashusha maiki hii, atamshika mkono, watatoka wote wawili kwa mlango ule, na waseme watakavyosema.

Jeniffer akainua macho akamwona dada yake. Sijui aliona nini usoni mwake.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ndogo, ndogo kabisa, sauti ya bibi harusi. "Nimekuja mwenyewe." Kisha akasogea kwenye leso kidogo. "Baba, nimekuja mwenyewe. Hakuna aliyenituma."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Shingo zote ziligeuka kuelekea mlangoni, ng'ambo ya bonde, juu ya mteremko. Uani kulikuwa na mtu, mdogo kwa umbali, amesimama na kitu cheupe mkononi. Kitu kile kilikaa chini. Kikaendelea kukaa chini, na Maiko akaanza kutoka jasho. Kisha kikapanda juu, juu kabisa, kikapungwa mpaka ikaonekana Emerensiana atajitegua bega.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilikuwa vimelimbikizwa, na vilitoka kwa hasira. Honi hazikupiga mluzi hata kidogo. Gaspar alikaa ameegemea ukuta, anatabasamu peke yake kama aliyeoa yeye.

Romana hakungoja ngoma. Alipakua wali na nyama kwenye sahani, akaifunika, akavuka bonde akafuata waya hadi nyumbani. Barazani Emerensiana alikuwa ameketi amenyoosha miguu, kitenge kimelala mapajani. Akamwonyesha mlango kwa kidevu, akageuza uso upande mwingine.

Mzee Bartolomeo alikuwa ameelekea ukutani. Romana aliuona mgongo ule aliouzoea, fulana imelowa jasho katikati ya mabega, na juu ya kichwa chake mdomo wa honi umekaa dirishani, kimya. Akaweka sahani kwenye kigoda.

"Baba, nimekuletea wali wa harusi."

"Weka."

Aliweka. Akasimama, akangoja kidogo, kisha akaanza kutoka.

"Romana." Mzee hakugeuka. "Siku yako mimi nilikuwa nje na wakwe. Nilisikia vigelegele, nikasema basi, amekubali. Sauti yako sikuisikia. Nimekuwa nasema nilisikia, na sikusikia."

"Hata wangenyamaza, baba, usingesikia kitu," alisema Romana, na machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Nilikwambia asubuhi. Mimi nilinyamaza tu."

Kitanda kikalia. Mzee alikuwa anageuka. Aligeuka polepole, akishika ukingo wa kitanda, miguu ile mizito ikikataa mmoja baada ya mwingine, na Romana aliposogea kumsaidia alimzuia kwa mkono, akamaliza mwenyewe, hadi uso wake ukamwelekea binti yake. Alikuwa amelia sana, na hakujificha.

"Leo Jeniffer alinyamaza kwanza, kabla ya kujibu," alisema. "Nilimsikia akinyamaza. Moyo ulitaka kunitoka. Nikamwambia shangazi yako, akikaa hivi hivi, usiinue hicho kitenge, tuma watu wakanitolee mwanangu mle ndani."

Alivuta pumzi, akamshika Romana mkono.

"Na wewe ningekusikia, mwanangu. Ningekusikia hivyo hivyo."